George Michael dhidi ya Sony: suluhu ya 1984 na hukumu ya 1994

Tarehe 21 Juni 1994, Jaji Jonathan Parker wa Mahakama Kuu jijini London alitupilia mbali madai yote ya Georgios Kyriacos Panayiotou dhidi ya kampuni ya Sony Music Entertainment ya Uingereza. Mdai huyo, ambaye dunia ilimjua kwa jina la George Michael, alikuwa amebakiza siku nne kutimiza miaka 31, na alikuwa ameiomba mahakama itamke kwamba mkataba wake wa kurekodi haumfungi. Mahakama ikasema unamfunga. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama vita vya msanii mmoja na shirika kubwa, na kwamba shirika lilishinda kwa sababu ya ukwasi wake. Masimulizi hayo yana mvuto, lakini hayaelezi hasa kilichomwangusha. Kwa maoni yangu, George Michael aliangushwa na nyaraka mbili alizozitia saini mwenyewe, moja mwaka 1984 na nyingine mwaka 1988, na siku zilipotiwa saini kila mmoja aliyekuwa upande wake alizihesabu kuwa ni ushindi.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kuanzia kwenye mkataba wa kwanza kabisa, ambao ndio mama wa yote yaliyofuata.

George Michael alizaliwa tarehe 25 Juni 1963 huko East Finchley, kaskazini mwa London, baba yake akiwa Mkupro wa asili ya Kigiriki aliyefanya biashara ya mgahawa na mama yake Mwingereza aliyewahi kuwa mcheza dansi. Katika shule ya Bushey Meads, kaunti ya Hertfordshire, alikutana na Andrew Ridgeley, na baada ya kundi lao la mwanzo lililopiga muziki wa ska kufifia, wawili hao waliunda Wham!. Machi 1982, George akiwa na miaka 18 na Andrew 19, walitia saini mkataba na Innervision, lebo changa iliyoanzishwa na Mark Dean kwa fedha za kampuni kubwa ya CBS. Malipo ya awali yalikuwa kiduchu, mrabaha, yaani asilimia ya mauzo anayolipwa msanii, ulikuwa mdogo, na vijana hao hawakuwa na uzoefu wowote wa kupima walichokuwa wakikikubali.

Hapa inafaa kumtendea haki Mark Dean, ambaye katika masimulizi mengi hupewa nafasi ya mnyonyaji. Innervision yenyewe ilikuwa imefungwa na CBS kwa masharti finyu. Asilimia ambayo CBS iliilipa lebo hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba, hata kama mwenye lebo angetaka kuwa mkarimu, hakuwa na fungu la kugawa. Kwa hiyo wasanii walikuwa wakigombana na mtu aliyesimama kati yao na fedha, ilhali aliyezishika fedha zenyewe alikuwa nyuma yake. Baadaye wale waliozishika ndio walioibuka kama wakombozi.

Mwaka 1983 albamu ya kwanza ya Wham!, *Fantastic*, ilishika namba moja katika chati ya Uingereza. Umaarufu ulikuja kwa kishindo, lakini fedha hazikuja kwa kasi hiyo. Mameneja wapya wa kundi, Simon Napier-Bell na Jazz Summers, walishirikiana na mawakili kuishambulia Innervision kwa hoja kwamba mkataba ulikuwa batili kwa kuwa uliwabana vijana hao kupita kiasi katika kazi yao. Innervision ilijibu kwa kwenda mahakamani na kupata amri ya kuwazuia kurekodi kwingineko, na wakati huohuo ikatoa sokoni mchanganyiko wa nyimbo za albamu ile, mchanganyiko ambao kundi lenyewe liliukana hadharani. Mvutano ulimalizika Machi 1984 kwa suluhu nje ya mahakama. Wham! walihama na kwenda Epic, lebo iliyokuwa chini ya CBS, wakapata masharti bora kuliko ya awali, na Innervision ikafa.

Ndani ya mwaka huohuo walitoa wimbo wao wa kwanza kufika namba moja Uingereza, na George akatoa *Careless Whisper* kwa jina lake peke yake, wimbo alioanza kuutunga pamoja na Ridgeley akiwa na miaka 17. Hakuna aliyekaa chini kuitafakari ile suluhu, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Hata hivyo, ilikuwa na mambo mawili ambayo yangekuja kuwa na uzito mkubwa. La kwanza, iliwafunga vijana hao kwa CBS moja kwa moja, kama kundi na kama mtu mmojammoja, hivyo Wham! ilipovunjika baada ya onyesho la Wembley la tarehe 28 Juni 1986, George hakuwa huru kutafuta kampuni nyingine. La pili, na hili ndilo kubwa, ilikuwa ni hati ya kumaliza kesi. Hoja ya kwamba mkataba unambana msanii isivyo haki ilikuwa imeshawekwa mezani mbele ya mahakama, na pande zote, kila mmoja akiwa na wakili wake, zilikubali kuiacha kwa kubadilishana na masharti mapya.

*Faith* ilitoka mwishoni mwa 1987, na kwa Marekani peke yake ilifikia kiwango cha almasi, yaani nakala milioni 10, kisha mwaka 1989 ikatwaa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Msanii mwenye mauzo ya namna hiyo huwa hakai na mkataba wa zamani. Mawakili wake waliirudia CBS na kudai masharti yanayolingana na hadhi yake mpya, na CBS, kwa kuogopa kumkasirisha mtu aliyekuwa akiiingizia fedha nyingi, ikakubali. Mkataba uliotokana na mazungumzo hayo ulianza kuhesabiwa Januari 1988. Malipo ya awali na mrabaha vilipanda sana. Kwa upande wa pili wa mizani, kampuni ilipata haki ya kudai albamu nane kwa jumla, na muda wa mkataba ungeweza kunyooka hadi mwaka 2003. Hakimiliki ya kila rekodi ilibaki kwa kampuni, ingawa gharama za kurekodi zilikatwa katika fedha za msanii mwenyewe. Sharti hilo la mwisho halikuwa la George Michael pekee. Lilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado lipo, ndiyo kawaida ya biashara ya rekodi, na mpaka leo sijasoma utetezi wake unaoniridhisha.

Mwezi huohuo wa Januari 1988, Sony ya Japani ilikamilisha ununuzi wa CBS Records kwa dola bilioni 2. Msanii aliyekuwa amezungumza na Wamarekani aliowajua kwa miaka minne akajikuta ameuzwa pamoja na mali nyingine zote. Baadaye angesema mara nyingi kwamba familia ya muziki aliyojiunga nayo ilikuwa imegeuka kitengo cha kampuni ya vifaa vya umeme. Kisheria malalamiko hayo hayakuwa na uzito, kwa sababu mkataba uliruhusu umiliki kuhama. Kibinadamu yanaeleweka kabisa.

Mgogoro wenyewe ulianza na albamu iliyofuata. Septemba 1990 ilitoka *Listen Without Prejudice Vol. 1*, na George Michael akatangaza kwamba hataonekana katika video zake, hatafanya mahojiano ya kuitangaza kwa namna aliyoitangaza *Faith*, na kwamba anataka kusikilizwa kama mtunzi badala ya kutazamwa kama sanamu. Jalada la albamu halikuwa na sura yake. Lilikuwa na picha iliyopigwa na Weegee mwaka 1940, ya umati usiohesabika uliofurika ufuo wa Coney Island, New York. Katika video ya *Freedom! '90*, iliyoongozwa na David Fincher, maneno yake yanaimbwa kwa midomo ya wanamitindo mashuhuri wa wakati ule, akina Naomi Campbell, Linda Evangelista, Cindy Crawford, Christy Turlington na Tatjana Patitz, huku jaketi la ngozi alilolivaa enzi za *Faith* likiteketea kwenye henga, na gitaa lake na mashine ya muziki ya baa vikilipuka vipande vipande. Mtu hahitaji kuwa mkosoaji wa sanaa ili aelewe kilichokuwa kikichomwa. Frank Sinatra, alipoyasoma gazetini mahojiano ambamo kijana huyo alilalamikia mzigo wa umaarufu, alimwandikia barua ya wazi akimwambia kwa ufupi kwamba ashukuru Mungu na aimbe.

Albamu ilishika namba moja Uingereza na namba mbili Marekani. Kwa msanii mwingine yeyote yangekuwa mafanikio ya kusherehekea, lakini Marekani haikufikia mauzo ya *Faith* hata kwa mbali. George Michael alishikilia kwamba ofisi ya New York iliamua kutoisukuma albamu hiyo kama adhabu ya kukataa kwake kuonekana. Kampuni nayo ilishikilia kwamba bidhaa ambayo mwenyewe hataki kuisimamia ni ngumu kuiuza. Ukiniuliza, naona kila upande ulikuwa ukisema kweli kuhusu mwenzake. Nyimbo tatu kati ya zilizokusudiwa kwa juzuu ya pili alizitoa mwaka 1992 kwa albamu ya hisani ya *Red Hot + Dance*, iliyochangisha fedha za kupambana na UKIMWI, na juzuu yenyewe haikutoka kamwe. Oktoba 1992 alifungua shauri.

Watu wengi hudhani aliishtaki Sony kwa kushindwa kuitangaza albamu. Sivyo. Hakudai kwamba Sony ilivunja mkataba, kwa sababu mkataba haukuibebesha kampuni wajibu mzito wa kutangaza ambao ungeweza kuvunjwa. Madai yake yalielekezwa kwenye mkataba wenyewe, na yalisimama juu ya nguzo mbili: kwamba ulikuwa kizuizi cha kazi kisichokubalika katika sheria ya Uingereza, na kwamba ulikiuka sheria za ushindani za Ulaya zilizokuwa katika kifungu cha 85 cha Mkataba wa Roma, ule ulioasisi Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Habari za matangazo mabovu, ambazo magazeti yalizishabikia, kwa kweli zilikuwa maelezo ya chanzo cha uchungu wake tu.

Kanuni ya kizuizi cha kazi ni ya zamani. Kwa ufupi, inasema kwamba mapatano yanayomzuia mtu kufanya kazi yake kwa uhuru hayatekelezeki mpaka yule anayenufaika nayo aonyeshe kwamba yana sababu ya haki kwa pande zote mbili na hayadhuru maslahi ya umma. Uamuzi unaotajwa kama msingi wake ulitolewa mwaka 1894 katika shauri la mtengenezaji wa silaha aitwaye Nordenfelt. Katika muziki, mlango ulifunguliwa mwaka 1974, pale Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilipomkomboa mtunzi wa nyimbo Tony Macaulay kutoka kwa mchapishaji Schroeder. Macaulay alikuwa na miaka 21 alipotia saini mwaka 1966. Alipewa paundi 50 za kuanzia, akajifunga kwa miaka mitano ambayo ingejirefusha yenyewe hadi kumi iwapo mrabaha wake ungepita kiwango fulani, na mchapishaji hakuwa na wajibu wa kuchapisha hata wimbo mmoja. Malodi walisema kazi ya mtu haiwezi kufungiwa kabatini kwa namna hiyo. Kwa njia hiyohiyo Holly Johnson wa Frankie Goes to Hollywood aliachiwa na lebo yake mwaka 1989, na mwaka 1991 kundi la The Stone Roses, vijana wa Manchester, likajinasua kutoka lebo ya Silvertone.

Kwa hiyo George Michael aliingia mahakamani Oktoba 1993 akiwa na mfululizo wa hukumu zinazomfaa. Lakini walioshinda kabla yake walikuwa na sifa moja ambayo yeye hakuwa nayo. Wote walikuwa wakiishambulia mikataba yao ya mwanzo, ile waliyoitia saini wakiwa hawajulikani, hawana mtaji na hawana washauri wa kulingana na upande wa pili. Mkataba wake mbovu wa mwanzo, ule wa Innervision, ulikuwa umekufa miaka tisa nyuma. Alioushambulia ulikuwa wa 1988, uliojadiliwa na wakili mzoefu wa tasnia ya muziki kwa niaba ya mmoja wa wasanii wenye mauzo makubwa duniani, ambaye ndiye aliyeomba mazungumzo yafunguliwe.

Hapo ndipo Jaji Parker alipoweka uzito. Alisema mkataba wa 1984 ulikuwa maafikiano ya kumaliza kesi iliyohusu hoja ileile ya kizuizi cha kazi, na kwamba umma una maslahi katika kuona kesi zikimalizwa na kubaki zimemalizika. Kama mtu ataruhusiwa kuidai hoja, kuiacha kwa malipo, kisha kuifufua baada ya miaka kadhaa dhidi ya hati iliyotokana na malipo hayo, hakuna atakayekubali suluhu tena. Mkataba wa 1988 nao ulikuwa maboresho ya ule wa 1984, kwa hiyo ulirithi kinga yake. Jaji hakuishia hapo. Alisema hata kama kanuni ya kizuizi ingetumika, Sony ilikuwa imethibitisha kwamba masharti yalikuwa ya haki: kampuni za rekodi hupoteza fedha kwa wasanii wengi wanaowagharamia na kuzifidia kwa wachache wanaovuma, na muda mrefu pamoja na hakimiliki ndiyo njia yao ya kujifidia. Aliongeza kwamba George Michael, akiwa tayari analalamika, aliomba na kupokea malipo ya awali yanayotokana na mkataba huohuo, na kwa kufanya hivyo aliuthibitisha. Hoja ya kifungu cha 85 nayo ilikataliwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndipo kisa kinapouma. Sababu ya kulinda suluhu ni nzito na haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, ukiifuata hadi mwisho, inazaa matokeo ambayo sidhani kama yeyote aliyakusudia. Msanii anayekuja juu mapema, akapambana, kisha akakubali kuketi mezani kama mtu muungwana, anajifungia mlango wa mahakama kwa siku zijazo, ilhali yule anayekataa maafikiano na kuupeleka mkataba wake wa kwanza moja kwa moja kwa jaji anaondoka huru. The Stone Roses hawakusuluhisha, wakaenda zao lebo ya Geffen. George Michael alisuluhisha mwaka 1984, akajadiliana upya mwaka 1988, na kila hatua aliyodhani inamlegezea kamba ilikuwa ikiongeza fundo. Mawakili wake wa 1984 hawana lawama, kwani kijana wa miaka 20 aliyezuiwa kurekodi wakati nyimbo zake zinavuma hawezi kushauriwa asubiri miaka mingine miwili. Swali la kujiuliza ni kwamba mwaka 1988, wakati CBS ilipomhitaji kuliko yeye alivyoihitaji CBS, aliomba fedha zaidi badala ya miaka pungufu. Siku ile alikuwa na nguvu ya kununua uhuru wake mezani. Alinunua asilimia.

Baada ya hukumu alizungumza na waandishi wa habari na kufananisha hali yake na utumwa wa kikazi, akieleza kwamba msanii ndiye mfanyakazi pekee asiye na haki ya kujiuzulu. Wengi walimcheka, kwani tajiri anayelia kuwa mtumwa hapati huruma kirahisi. Prince naye, ambaye wakati uleule alikuwa akigombana na kampuni yake ya rekodi, Warner, huko Marekani na kujiandika usoni neno la maana hiyohiyo, alichekwa vilevile. Ukiacha ukali wa neno, hoja ya kutoweza kujiuzulu ilikuwa sahihi kabisa. Mhasibu akimchoka mwajiri wake anaandika notisi na kuondoka na ujuzi wake. Mwimbaji aliyefungwa kwa haki za kipekee akiondoka, sauti yake inabaki.

Lakini sheria ya Uingereza ina upande mwingine, na ndiyo iliyompa silaha baada ya kushindwa. Mwaka 1852 mwimbaji wa opera Johanna Wagner alikuwa ameahidi kuimba katika jumba la Benjamin Lumley jijini London, kisha akavutwa na malipo makubwa zaidi ya Covent Garden, jumba jingine la opera jijini humo. Mahakama ilimzuia asiimbe Covent Garden, lakini ilisema wazi kwamba haina uwezo wa kumlazimisha aimbe kwa Lumley. Msimamo huo haujabadilika. Mkataba unaweza kumzuia mtu asirekodi kwa mwingine, ila hauwezi kumfungulia mdomo. Sony ilishinda haki ya kupata albamu sita zaidi kutoka kwa mtu aliyeapa kwamba hataitengenezea hata moja, na hakuna jaji ambaye angeweza kuzitoa kooni mwake.

Ukimya huo ulimgharimu, ila haukumfilisi, na sababu yake haijadiliwi vya kutosha. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: haki ya rekodi, ambayo ilikuwa ya Sony, na haki ya utunzi, yaani maneno na tuni, ambayo haikuwa ya Sony. Tangu mwanzo nyimbo zake zilikuwa chini ya wachapishaji wengine, Dick Leahy na Bryan Morrison, na kwa kuwa aliandika karibu kila kitu mwenyewe, kila mara redio ilipopiga nyimbo zake au msanii mwingine alipoziimba, kulikuwa na fungu lisilopita kwenye mikono aliyokuwa akigombana nayo. Alikuwa hata na uwezo wa kugawa. Mwaka 1984 mrabaha wa *Last Christmas* ulipelekwa kwa waathirika wa njaa Ethiopia. Mwimbaji ambaye si mtunzi, akiwekwa katika nafasi ile, angelazimika kurudi studio ndani ya mwaka mmoja.

Itakuwa si haki pia kuusoma ukimya wote kama mkakati. Januari 1991 nchini Brazil alikutana na Anselmo Feleppa, ambaye akawa mpenzi wake, na ambaye Machi 1993 alifariki kutokana na maradhi yaliyohusiana na UKIMWI. George Michael hakuwa amejitambulisha hadharani kuwa shoga, na hangefanya hivyo hadi 1998. Alikaa mahakamani miezi ile akiwa na msiba asioweza kuutaja, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba kwa muda mrefu hakuweza kuandika chochote. Wimbo aliomtungia marehemu, *Jesus to a Child*, aliuimba kwa mara ya kwanza Novemba 1994 jijini Berlin, kwenye tuzo za MTV za Ulaya, miezi mitano baada ya hukumu, bila kampuni ya kuutoa.

Rufaa ilikatwa lakini haikusikilizwa. Julai 1995 yalifikiwa maafikiano. DreamWorks, kampuni mpya ya Steven Spielberg, Jeffrey Katzenberg na David Geffen, ilichukua haki zake Marekani, na Virgin ikachukua sehemu nyingine za dunia. Magazeti ya wakati ule yalitaja dola milioni 40 kuwa ndiyo bei ya kumtoa, pamoja na sehemu ya mapato kwa Sony. Sony pia ilibaki na rekodi zote za zamani na haki ya kutoa mkusanyiko wa nyimbo zake bora, ambao ulitoka 1998 na kushika namba moja Uingereza. Kwa kampuni iliyoshinda kesi, hesabu hizo zinasema mengi: ilikubali kuuza haki ambayo mahakama ilikuwa imeithibitisha mwaka mmoja tu kabla, kwa sababu haki hiyo bila ridhaa ya mwimbaji haikuwa na kitu ndani.

*Older* ilitoka Mei 1996 na ndiyo iliyokuwa albamu ya kwanza ya lebo ya DreamWorks. Uingereza ilipokelewa kwa shangwe, nyimbo mbili za kwanza zikafika namba moja, na nyimbo zote sita zilizotolewa zikaingia katika tatu bora. Marekani ilikomea namba sita na kusahaulika haraka. Miaka sita bila albamu katika soko linalobadilika kama lile ni muda mrefu mno. Katikati yake grunge na hip hop vilikuwa vimekwisha badilisha redio zote. Kwa kipimo hicho, gharama halisi ya kesi ilikuwa Marekani, nchi ambayo miaka minane nyuma ilikuwa mikononi mwake. Baadhi ya wachambuzi husema angeipoteza kwa vyovyote kwa kuwa alishaamua mwaka 1990 kutokuwa tena yule wa *Faith*. Hoja hiyo ina nguvu, lakini kuamua kushuka kwa hiari ni tofauti na kuzuiwa kutoa kazi.

Kwa upande wa sheria, hukumu ya Jaji Parker haijawahi kubatilishwa. Kama ingekwenda upande wa pili, mikataba mingi iliyoandikwa kwa mtindo uleule ingeyumba, na ndiyo maana tasnia nzima iliifuatilia kwa wasiwasi. Badala yake mabadiliko yalikuja polepole, kupitia meza za mazungumzo, na baadaye intaneti ikafanya kazi ambayo mawakili hawakuweza, kwa kumwezesha msanii kurekodi na kusambaza bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwaka 2003 George Michael alitia saini na Sony tena. Ulikuwa mwaka uleule ambao mkataba wa 1988 ungefikia ukomo wake kama angekaa kimya na kuutumikia. Albamu ya *Patience* ilitoka Machi 2004, na safari hii alirudi kwa masharti yake na bila mlolongo wa albamu za kudaiwa. Wakati huohuo alieleza kwamba nyimbo zake za baadaye angependa kuzitoa bure kwenye intaneti. Alifariki nyumbani kwake Goring-on-Thames tarehe 25 Desemba 2016, akiwa na miaka 53, wakati akimalizia filamu ya maisha yake aliyoiongoza na rafiki yake David Austin, ambayo sehemu yake kubwa inahusu mgogoro huu. Oktoba 2017 filamu hiyo ilionyeshwa kwenye Channel 4 ya Uingereza, na mwezi huohuo *Listen Without Prejudice* ikatolewa upya na kurudi namba moja nchini humo. Aliyeitoa, na aliyeitangaza kwa nguvu zote, alikuwa Sony.